Profesa Thomas Odhiambo, Mwalimu wa Wadudu

Zamu ya ukurasa huu wa maisha ya watu imeniangukia mimi wiki hii, na wale mnaonijua mnajua kalamu si kazi yangu. Mimi ni mtu wa kiwanda. Miaka 23 nimekuwa kwenye sukari huku upande wa Kano. Nilianza kwa kubeba sampuli za maji ya miwa kupeleka maabara, na sasa nasimamia maabara yenyewe pamoja na ile sehemu ya kuchemshia. Mchungaji aliponiomba niandike juu ya Profesa Thomas Odhiambo nilikubali haraka haraka, tena kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo nitaisema mbele kidogo.

Vijana wetu wengi wanalijua jina hilo kama jina la mahali tu. Ukivuka na feri kutoka Luanda K'Otieno mpaka Mbita, pale kwenye ncha ya nchi kavu inayotazama Rusinga, kuna kituo kikubwa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Kituo hicho kinaitwa kwa jina lake. Ukiuliza watu wa pale sokoni watakuelekeza mpaka getini. Ukiwauliza Odhiambo mwenyewe alikuwa nani, wengi watakwambia alikuwa profesa, basi.

Alizaliwa tarehe 4 Februari 1931, na kwa Mjaluo kama yeye mahali pa kuzaliwa panashangaza kidogo: ni Mombasa, kule pwani. Lakini masomo yake ya sekondari aliyapata huku kwetu, Maseno, katika ile shule iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906. Kutoka Maseno akaenda Makerere, Uganda, kusoma sayansi. Wakati ule kijana wa Nyanza akitajwa Makerere, kijiji kizima kilijiona kimefaulu.

Baada ya Makerere hakuingia darasani kufundisha. Alishika kazi ya serikali katika idara ya kilimo ya Uganda, miaka ya 50. Sasa hebu mfikirie maana yake. Mwafrika kijana, kabla ya uhuru, ana kazi ya kitaalamu, ana mshahara wa kila mwezi, anashughulika na mazao na wadudu wanaoyaharibu. Nyumbani wanakutegemea. Nani angekulaumu ukikaa hapo mpaka kustaafu?

Odhiambo alifanya kazi hiyo, lakini macho yake hayakuishia kwenye zao. Kwa mtu wa shamba, mdudu ni adui wa kupuliziwa dawa, hadithi imekwisha. Yeye aliinama chini akatazama mdudu anaishi vipi. Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipompendea.

Kuna wadudu wawindaji wa jamii moja na kunguni, wenye mdomo kama sindano, wanaowachoma wadudu wenzao na kuwafyonza. Mmoja wao, ambaye wataalamu wanamwita Rhinocoris albopilosus, Odhiambo alimchunguza kule Uganda akaandika habari zake mwaka 1959. Kwa mdudu huyu si mama anayelinda mayai. Ni baba. Jike akishataga anakwenda zake, na dume anasimama juu ya mayai siku baada ya siku. Kuna nyigu wadogo sana wanaotafuta mayai ya wenzao ili watage ndani yake, na yule baba kazi yake ni kuwafukuza mpaka watoto watoke. Wababa wa kanisa hili, mimi nikiwa wa kwanza, tunaweza kumtazama mdudu huyo tukanyamaza kidogo.

Mwingine anaitwa Acanthaspis petax. Huyu Odhiambo aliandika habari zake mwaka 1958, baada ya kumchunguza katika vichuguu vya mchwa Uganda. Akiwa bado mchanga, mdudu huyu hujipaka vumbi mwili mzima, kisha akiua siafu au chungu akamfyonza, ile maiti anaibandika mgongoni. Anaua mwingine, anabandika. Mwisho anatembea na rundo la maiti kama mchukuzi wa Kibuye aliyebebeshwa magunia. Kwa nini ajitese hivyo? Miaka karibu 50 baadaye, mwaka 2007, wanasayansi wengine walichapisha majaribio waliyoyafanya na mdudu huyo huyo: buibui warukao, ambao huwinda kwa macho, walimshambulia zaidi yule aliyevuliwa mzigo kuliko yule aliyeubeba. Rundo lile ni vazi la kujificha. Aliyelipeleka kwenye vitabu alikuwa kijana wa Maseno aliyepiga magoti kwenye kichuguu.

Mwaka 1959 aliiacha ile kazi, akaenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa na miaka 28, umri ambao wengi wetu tunasema shule tumeshamaliza. Alianza shahada ya kwanza na kuendelea mpaka ya udaktari, ambayo aliipata mwaka 1965. Huko alikuwa chini ya Vincent Wigglesworth, mtu aliyejulikana dunia nzima kwa kuonyesha kwamba mwili wa mdudu unaongozwa na homoni. Ndani ya kichwa cha mdudu, nyuma ya ubongo, kuna tezi ndogo mno inayotoa kemikali. Kemikali hiyo ikiwepo kwa wingi, mdudu anabaki mtoto. Ikipungua, anakuwa mtu mzima. Odhiambo aliichunguza tezi hiyo kwa nzige wa jangwani dume, kuona inavyoendesha mwili wake akishakua.

Mimi kama mtu wa kemia nikisoma hapo nasimama. Kiwandani kazi yetu yote ni kuongoza badiliko kwa kipimo. Chokaa ikizidi kwenye maji ya miwa unaharibu, ikipungua unaharibu. Joto likizidi kwenye sufuria ya kukaushia, sukari inageuka rangi na hasara inaanza. Sasa huyu mtu anasema ndani ya nzige kuna kiwanda kidogo, nacho kina vipimo vyake, na ukijua kipimo kimoja unaweza kumzuia mdudu bila kumwaga sumu kwenye shamba zima. Miaka ile dawa za wadudu zilikuwa zikija kwa meli, DDT na dieldrin na nduguze, na nyingi zilikuwa haziishi ardhini wala majini. Sisi tunaokula samaki wa ziwa hili tunapaswa kuelewa kilichokuwa mezani.

Basi, mwaka 1965 amerudi. Kenya imepata uhuru juzi tu, ofisi zinatafuta watu kwa tochi, magari ya serikali yanangoja wenye shahada. Daktari wa sayansi kutoka Cambridge angeweza kuchagua kiti. Yeye alikwenda kufundisha. Aliingia Chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kama mhadhiri wa elimu ya wanyama. Yule bwana shamba wa Uganda sasa ana chaki mkononi.

Hapa ndipo niseme ile sababu yangu. Tangu mwezi wa kwanza nina barua kwenye droo. Chuo kimoja hapa mjini kinaniita nikafundishe vijana uhandisi wa kemikali: kuchemsha, kukausha, kutenganisha, yale niliyoyafanya kwa mikono miaka hii yote. Mshahara unashuka karibu nusu. Nyumba ya kampuni narudisha. Tena wenzangu kazini, nilipowadokezea, walinicheka, wakasema mtu huenda kufundisha akishindwa kufanya. Mama watoto hakucheka. Aliniuliza karo ya mtoto wa mwisho itatoka wapi, nami sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira zangu pia, nikiri. Kuna kijana mmoja niliyemfundisha kazi miaka 6, siku nilipokuwa likizo akafungua mvuke bila kuangalia geji, akaungua mkono. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa nini geji ile iko pale. Mimi nilikuwa nimemwonyesha namna, sikumweleza sababu. Jambo hilo halijaniacha.

Kwa hiyo nilipokuwa nasoma maisha ya Odhiambo nilikuwa natafuta kitu. Nilitaka kujua, je, alipoingia darasani aliiacha kazi ya mikono?

Hakuiacha. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani, akieleza Afrika Mashariki ilivyohitaji sayansi kwa maendeleo yake. Mawazo yake yalikuwa haya, kwa maneno yangu: haitoshi kuwapeleka vijana wetu ng'ambo wakasome, kwa sababu wakirudi hawakuti vifaa, hawakuti wenzao wa kujadiliana nao, na mwisho wanabaki ofisini wakisaini karatasi au wanarudi huko huko. Jenga mahali hapa hapa, uchague jambo moja ambalo Afrika inalo kwa wingi na dunia inalihitaji, na watu wa kiwango cha juu kabisa walifanyie kazi hapo. Jambo gani tunalo kwa wingi? Wadudu, wapendwa. Hapo hatujapungukiwa na kitu.

Mwaka 1970 kilianzishwa kile kituo cha kimataifa, ICIPE, kikianzia pale Chiromo chuoni. Mwaka huo huo Nairobi ikawa chuo kikuu kamili, na Odhiambo akawa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu, na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo. Kitivo kipya, kituo kipya, cheo kipya, vyote juu ya mtu mmoja wa miaka 39. Nadhani hata yule mdudu wa maiti mgongoni angemwonea huruma.

Kati ya watu wa nje waliomsaidia kuanza, yuko mmoja ambaye mimi nilimtazama kwa karibu, Carl Djerassi. Huyu alikuwa mkemia wa viwanda, kiongozi katika kampuni ya dawa ya Syntex. Mwaka 1951 kule Mexico kikosi chake kilitengeneza kemikali iliyokuja kutumika katika vidonge vya kupanga uzazi, na kwa hilo najua kanisani hatutakubaliana sote, tuliache. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu huyo alikubali kuwa profesa wa chuo kikuu cha Stanford huku bado akiwa kiwandani, na mwaka 1968 akaongoza kampuni nyingine iliyotafuta kuwazuia wadudu kwa homoni zao wenyewe badala ya sumu. Alikuja kuwa mmoja wa wakurugenzi wa utafiti wa ICIPE. Kwa hiyo mtu wa kiwanda na mtu wa shamba, wote wawili wakiwa wameshika chaki, walikutana juu ya ile tezi ndogo ya nyuma ya ubongo wa mdudu. Wale wenzangu wanaocheka wamesikia?

Kituo kilishika wadudu wanaotuumiza. Mbung'o, kwa mfano, ambaye watu wa bonde la Lambwe hawahitaji kuelezwa, maana malale iliwamaliza watu na ng'ombe kule. Mbung'o hatagi mayai mengi kama nzi wa kawaida. Hubeba mtoto mmoja tu kwa wakati, humlisha tumboni kwa kitu kama maziwa, na humzaa akiwa mkubwa tayari. Kwa hiyo watoto wake ni wachache maisha yake yote, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: ukiwategea mitego ya nguo na kuwapunguza kidogo kila siku, hawawezi kujaza pengo haraka. Ukiwa hujui hilo utamwaga sumu porini miaka na miaka.

Kisha ikaja Mbita. Odhiambo alitaka utafiti ukae karibu na mkulima anayeumia, na mkulima huyo alikuwa hapa ziwani, mwenye mahindi na mtama wake, funza wa mabua akimla kwa ndani na kayongo ikimnyonya kwenye mizizi. Wakulima wetu wanaijua kayongo kwa ua lake la zambarau, zuri kabisa, na shamba limekwisha.

Mwaka 1983 alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko majengo yote. Ulianzishwa mpango wa kuwafundisha vijana wa Afrika shahada ya udaktari katika sayansi ya wadudu. Kijana anaandikishwa katika chuo kikuu cha Afrika, anafanya utafiti wake ICIPE, na chuo chake kinampa shahada. Yale yaliyomlazimu yeye kuvuka bahari mwaka 1959, kijana wa Ghana au Sudan au Homa Bay sasa angeweza kuyapata hapa. Mamia wamepita katika mlango huo.

Mengine nayataja upesi. Mwaka 1985 alikuwa kati ya walioanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, ile jumuiya ya wanasayansi wa bara zima, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Rais wa nchi na mwalimu wa wadudu, jukwaa moja.

Mwaka 1994 aliacha ukurugenzi wa ICIPE mikononi mwa mwingine. Na hapa kuna kitu kinachonigusa. Ile kazi ambayo leo kila mkulima wa kwetu anaijua kutoka Mbita, yaani Vuta-Sukuma, haikuwa ya mikono yake. Waliofanya ni Zeyaur Khan na wenzake, pamoja na wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, katika miaka hiyo ya 90. Unapanda desmodium katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake inamfukuza nondo anayezaa funza. Pembeni ya shamba unapanda nepia, inayomvuta nondo huyo akatage huko, na watoto wake wengi wanakwama kwenye utomvu wake na kufa. Mizizi ya desmodium nayo inatoa kemikali zinazofanya mbegu ya kayongo iote mahali isipopata cha kunyonya, nayo inakufa. Ng'ombe anakula desmodium na nepia. Huhitaji kununua dawa hata chupa moja. Odhiambo alijenga nyumba, na wengine wakapika ndani yake, chakula kikatufikia.

Alifariki tarehe 26 Mei 2003, akiwa na miaka 72.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbita na vijana wetu 11. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na sami walikuwa wamejaa juu ya maji kama moshi. Kituoni tulionyeshwa mistari miwili ya mahindi iliyopandwa siku moja. Mmoja una desmodium, mwingine hauna. Sitawaeleza tofauti, nendeni mkaone. Yule kijana aliyetuongoza alikuwa mwanafunzi. Kila tulipouliza swali hakujibu mara moja. Aling'oa mmea, akaupasua kwa ukucha, akatuuliza sisi tunaona nini. Alipofika kwenye mizizi nilijikuta nimeinama naye, suti yangu ya safari magotini ina matope, na vijana wananicheka.

Kurudi nyumbani tulizungumza na mama watoto mpaka usiku. Tulichukua karatasi tukaandika pesa zote zinazoingia na zinazotoka, pamoja na ng'ombe wawili na lile shamba la Ahero. Haikutosha. Tukaandika tena, tukatoa gari. Ikakaribia.

Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alinifuata nje ya kanisa na kopo la Blue Band lenye matundu kwenye kifuniko. Ndani kulikuwa na mdudu mwenye mdomo wa sindano, amemshika nzi. Aliniuliza kama huyu ni yule baba. Nilimwambia sijui, tumwache huru tumtazame anakwenda wapi, na tukakaa hapo kwenye nyasi mpaka mama yake akaja kumwita. Barua ya chuo nimeijibu Jumanne. Ninaanza muhula wa tisa.